Kulungu-nyumbu na mtoto wa miaka 6: kwenda na kurudi, hema au yurt?

BabaZawadi_Boise
Habari za huko wapendwa. Msimu wa bunduki wa kulungu-nyumbu (mule deer) kwenye yuniti nyingi, yaani maeneo ya uwindaji, za jimbo la Idaho hapa Marekani unafunguliwa Oktoba 10, na tagi, kibali cha kuwinda mnyama mmoja, ninayo. Shida ni Zawadi. Ana miaka 6 na ameapa mwaka huu haachwi. Najua hawezi kuwinda, kwa wanyama wakubwa sheria inataka afike 10, kwa hiyo anakuja kutazama tu. Nina njia tatu:

1. Kwenda na kurudi kila siku, yuniti 39, tunalala nyumbani.
2. Hema kwenye msitu wa taifa huko juu ya Idaho City. Hakuna malipo.
3. Kukodi yurt, zile nyumba za duara za turubai, za idara ya hifadhi za jimbo, zilizo barabara 21. Zina vitanda na jiko la kuni.

Mama yake amesema popote sawa, ila mtoto akirudi na mafua nitajibu mimi.

MzeeWaTwinFalls
Hema, kijana wangu. Kulungu-nyumbu anakula alfajiri na jioni, mchana kutwa amelala kwenye kivuli cha mteremko. Ukiwa kambini unatoka hatua tatu uko kazini. Ukilala Boise nusu ya asubuhi inaishia barabarani. Tafuta hema la turubai nzito lenye tundu la bomba la jiko, si haya mepesi ya dukani. Usiku wa Oktoba mlimani maji yanaganda kwenye ndoo.

MamaNeema
Mzee shikamoo. Hema la turubai na jiko la bomba sikatai, lakini Baba Zawadi, analo? Ninachoogopa ni mtu aliye na hema jepesi kuona mtoto anatetemeka halafu akaingiza sigiri ya mkaa ndani, jinsi tulivyozoea kupasha moto kijijini. Nyumba ya udongo ina matundu, hema lililofungwa zipu halina. Kaboni monoksidi haina harufu, na watu hulala wasiamke. Hata kwenye yurt beba kile king'ora kidogo cha betri, bei yake si kitu.

La pili ni masikio. Mlio wa bunduki ya kulungu unazidi desibeli 140, na mtoto atakuwa karibu nawe. Mnunulie vifuniko vya saizi yake, avivae nyumbani akitazama katuni mpaka avizoee. Vya mtu mzima vitamdondoka.

Kivu_SaltLake
Mnabishana pa kulala, mimi nauliza: nani mtu mzima wa pili?

Fikiria, ndugu. Umempiga dume, ameanguka chini ya korongo. Dume kubwa linapita kilo 90. Lazima ulikate vipande na kupanda navyo mgongoni, safari mbili au tatu, na giza linakuja. Zawadi yuko wapi wakati huo? Huwezi kumwacha garini peke yake, na kushuka naye huku umeshika kisu ni balaa jingine. Bila mtu wa pili, mimi nisingefyatua mnyama yeyote aliye mbali na gari zaidi ya mtoto anavyoweza kutembea. Na hapo hesabu ya mzee inageuka, kwa sababu faida ya kambi ni kufika mbali, na mbali huendi.

Idaho hawalazimishi mwindaji kuvaa rangi ya chungwa ili aonekane, huku Utah mwindaji wa bunduki anatakiwa avae inchi za mraba 400. Mvishe tu, kofia na kizibao. Wawindaji wengine msituni hawajui kama umekuja na mtoto.

BabaZawadi_Boise
Shemeji anakuja wikiendi ya pili. Ya kwanza niko peke yangu.

Kivu_SaltLake
Basi wikiendi ya kwanza nenda peke yako, au nenda naye na darubini bila bunduki. Watoto wanapenda kuhesabu masikio ya kulungu kwenye majani.

AbuSumayya_Denver
Kwa wenye kufikiria kuja Colorado: huku tagi za kulungu zote ni za bahati nasibu tangu 1999, kwa hiyo kama una tagi ya Idaho mkononi tulia hapo hapo. Huku pia kuna ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu (CWD), na sehemu nyingine kupeleka kichwa kupimwa ugonjwa huo ni lazima. Idaho nayo uligunduliwa 2021. Soma kanuni kabla ya kusafirisha kichwa na uti wa mgongo kuvuka mpaka wa jimbo.

Kwa sisi Waislamu, mimi husema Bismillahi kabla ya kufyatua, na nikimkuta bado ana uhai namchinja. Mtoto mweleze mapema kwamba ataona damu. Wa kwetu nyumbani wameona mbuzi wa Idi tangu wananyonya, hawa wa huku nyama wanaijua ikiwa kwenye plastiki.

MamaNeema
Hapo umesema kweli. Na akisema hataki kuona, shemeji anamshika mkono wanaenda kutafuta mawe. Asilazimishwe.

Nimeangalia pia saa. Boise iko ukingoni mwa ukanda wake wa saa, jua la katikati ya Oktoba linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na kupiga kunaruhusiwa nusu saa kabla. Kwa hiyo kuamka saa kumi na moja kunatosha kama mahali ni mwendo wa saa moja. Akichoka saa nne mnarudi nyumbani mnakula ugali. Mimi kura yangu kwa mtoto wa umri huo ni namba moja.

MzeeWaTwinFalls
Marahaba mama. Ya jua nimekubali. Lakini kulala msituni nako ni sehemu ya kumfundisha mtoto.

BabaZawadi_Boise
Nimeamua hivi. Wikiendi ya kwanza namba moja, darubini tu. Ya pili yurt na shemeji, usiku mmoja, bunduki inatoka shemeji akiwa na mtoto. Hema mpaka Zawadi akue, mzee unisamehe.

Swali moja: nyama ataila. Nimesikia habari za madini ya risasi.

AbuSumayya_Denver
Ni kweli. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota ilishauri wajawazito na watoto chini ya miaka 6 wasile nyama ya mnyama aliyepigwa kwa risasi zenye madini hayo, maana vipande vidogo husambaa mbali na jeraha. Wako ametimiza 6, lakini kama kuna mdogo wake au mama ni mjamzito, nunua risasi za shaba tupu. Uende nazo uwanja wa shabaha kabla ya tarehe 10 na urekebishe darubini ya bunduki, kwa sababu hazitui pale zilipokuwa zinatua za zamani.