Idi mbili nyumba moja: mwezi tunamfuata nani, sheikh au grupu?

Mwana_Makorora: Asalam aleikum wadau, nina swali limenikaa tangu Idi ya 2025 na msinirushie mawe. Jumamosi ile ya tarehe 29 Machi tuko nyumbani Tanga tushafuturu, mama kakaa na redio yake anangoja tangazo, mara simu zikaanza kulia kila kona, Saudia wametangaza kesho Idi. Grupu letu la ukoo lina watu sitini na kitu, dakika tano nyingi washajaza Idi Mubarak na stika za ngamia, kaka yangu yuko Jeddah anatuma voisi "kesho mkifunga ni haramu hiyo", dada yuko Muscat naye anajibu sisi huku twakamilisha thelathini, Idi Jumatatu. Hapohapo mtu akatupia picha ya mwezi juu ya mnazi eti umeonekana Pemba, mpwa wangu akasema ami hii picha ilitumwa mwaka jana, hata waya wa umeme ni uleule. Basi Jumapili mama kafunga, mdogo wangu kavaa kanzu kaenda kuswali Idi, mimi nipo katikati, sijafunga na wala siwezi kula pilau mbele ya mama. Hivi simu ndo zimetugawa au tulikuwa hivihivi siku zote?

kanda_ya_zamani: Waaleikum salam. Mwanangu ugomvi wa mwezi mie nimeukuta, enzi za redio watu wakinuniana msikiti mmoja. Na chombo kipya kuingia kwenye dini si jambo la leo, Sheikh al-Amin Mazrui alianzisha gazeti lake la Al-Islah Mombasa 1932 kuwasema Waislamu wenzake kwa Kiswahili na Kiarabu. Iran nako 1978 Khomeini yuko Ufaransa, hotuba zake zinaingia kwa kaseti, watu wanazidurufu wanapeana kwa siri, mwaka uliofuata Shah hayupo. Ila kaseti ilikuwa na mwenyewe bwana, ulijua nani kakupa, na ikiharibika unaizungusha kwa kalamu ya Bic 😂 Hii ya kufowadi haina baba haina mama.

hesabu_tu: Mimi niwe mchokozi kidogo. Tarehe 29 Machi hiyohiyo jua lilipatwa, sehemu za Ulaya na Amerika Kaskazini waliona, na jua kupatwa maana yake mwezi uko kati yetu na jua, ndo kwanza unazaliwa. Magharibi ya Makka inaingia una masaa manne na ushei, jicho la mtu halijawahi kuuona mwezi mchanga hivyo. Nikaandika hayo kwenye grupu la msikiti kwa adabu zote nikapata gumba mbili, stika ya ngamia ikapata arobaini. Hapo ndo nikaelewa kwamba watu hawabishani mwezi, mtu akisema nafuata Saudia au nafuata muandamo wa kwetu anakwambia yeye ni nani na yuko upande wa nani, mwezi kisingizio. Waturuki wenyewe wanapiga hesabu mapema, kalenda inachapishwa, hakuna anayepanda juu ya paa.

BintiNgamiani: @hesabu_tu umegusa siasa ukakimbia 😅 Zanzibar ofisi ya Mufti ipo kwa sheria tangu 2001, nani atangaze mwezi ni suala la serikali pia. Na serikali nazo simu zinazijua. Misri Januari 2011 watu walivyojaa barabarani intaneti ilikatwa karibu nchi nzima, lakini angalieni Uturuki usiku wa 15 Julai 2016, wanajeshi wanajaribu kupindua serikali, wameshika televisheni ya taifa, mtangazaji analazimishwa kusoma tangazo lao, Erdoğan akatokea kwa FaceTime kwenye CNN Türk, mtangazaji kashika simu mkononi kaielekeza kwenye kamera, kichwa cha rais kidogo kama picha ya pasipoti. Anawaambia watu tokeni nje. Na minara ya misikiti ikaanza kusoma sala usiku ule, simu na mnara vikaenda pamoja. Halafu sisi tunasema simu ni ya vijana.

Jengine, hizo programu za adhana mnazozipakua, Novemba 2020 waandishi wa Marekani waliandika kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro zilikuwa zinafika kwa kampuni ya X-Mode, ambayo wateja wake walikuwemo makandarasi wa jeshi. Muslim Pro wakasema wamekata uhusiano. Mie kibla nakijua, dirisha la jikoni.

kanda_ya_zamani: Dirisha la jikoni 😂😂 ahsante binti.

Mwana_Makorora: Nashukuru wote. Nimemsomea mama majibu yenu, kasikiliza mpaka mwisho kisha kaniuliza, huyo alotuma picha ya mnazi wamjua jina la babake? Sikuwa na jibu, ikabidi niifuatilie. Aloileta kwetu kaipata kwa shemeji, shemeji kaipata kwenye grupu la wazazi wa shule, huko ililetwa na dereva wa bodaboda, na yeye kaipewa na binamu yangu wa Kisosora. Nikampigia binamu. Anasema kaitoa kwenye grupu letu la ukoo, ya mwaka jana.