Naomba ushauri: mkia wa usambazaji wa mbegu za mathenge, Baringo

Wakuu, modeli (hesabu ya kukadiria) ninayotengeneza ni ya kuenea kwa mathenge, Prosopis juliflora, mmea ulioletwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980. Fomula ya kawaida ya mtawanyiko ni kasi = 2√(rD), r ikiwa kiwango cha mmea kuongezeka na D kipimo cha jinsi mbegu zinavyotawanyika. Kwa r ya 0.5 kwa mwaka na D ya km² 0.02 kwa mwaka (namba za majaribio tu), ukingo wa kichaka unasogea mita 200 kwa mwaka. Tatizo, fomula hudhani mbegu huanguka karibu na mti mama. Mbuzi hula maganda, mbegu zikakaa tumboni hata siku kadhaa, zikatoka na kinyesi boma la mbali. Mafuriko nayo hubeba maganda kufuata lugga (mito ya msimu).

Nafikiria kuchanganya migawanyo miwili ya umbali: 95% mfupi, 5% wenye mkia mrefu, yaani mbegu chache zinazofika mbali sana. Lakini mkia ukipungua polepole kuliko eksponensha (kupungua kwa sehemu ileile kila hatua), kasi ya kuenea haitulii. Huongezeka mwaka hadi mwaka. Je, niukate kwenye umbali anaotembea mbuzi kabla ya kutoa mbegu, na lugga niziwekee mgawanyo wake?

Na r niipimeje? Picha za setilaiti za kiangazi hutenga mathenge vizuri, maana hubaki kijani, ila huchanganya miti iliyozaana palepale na iliyotokana na mbegu za mbali. Kuhesabu miche kwenye vipande vya mita 10 kwa 10 kungetosha?