Mrejesho: Njia ya farasi Usa River baada ya msaragambo

Wakuu, kabla ya masika niliuliza hapa tufanyeje na njia tunayopitisha farasi pembeni ya mashamba huku Usa River. Ilikuwa inageuka korongo na wenye mashamba wameanza kulalamika.

Aliyeshauri tuanze kwa balozi wa nyumba kumi, Mungu akubariki. Wenyeji walikubali njia ibaki, ila karibu na mifereji ya umwagiliaji farasi watembee tu, wasikimbizwe. Ombi la haki kabisa, maana kwato hubomoa kingo za mfereji upesi.

Msaragambo ukaitishwa, na vijana wa kijiji walijitokeza kuliko hata sisi wapanda farasi. Kazi kubwa ilikuwa maji. Udongo wetu wa majivu ya Mlima Meru ni mwepesi, mvua ikishuka na mteremko inauzoa. Tulilaza magogo kwa mshazari kukatiza njia, tukayazika nusu, na mwisho wa kila gogo upande wa chini tukachimba mtaro wa kumwaga maji majanini. Mshazari ni lazima. Gogo likinyooka, maji yanatuama, farasi wanakwepa tope na njia inapanuka hadi shambani kwa mtu. Matawi tuliyakata hadi mita 3 kwenda juu, na miiba ya migunga tukaiokota yote.

Masika yamepita na magogo yameshika. Kumebaki kivuko cha kijito, kingo zake bado zinaporomoka. Mwenye uzoefu wa kupanga mawe bila saruji anielekeze, tafadhali.