Naomba ushauri: kisanduku cha barua cha getini kimeliwa na kutu

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, maeneo ya Soweto. Najua wengi wetu barua tunazifuata posta kwenye S.L.P., ila marehemu mzee alikuwa na mambo yake: alimpa fundi wa kuchomelea kazi ya kutengeneza kisanduku cha chuma, akakifunga getini. Siku hizi kinapokea kadi za michango ya harusi tu, lakini mama hataki kabisa kusikia habari ya kukitoa.

Masika ya mwaka huu yamekimaliza. Rangi ya kijani imepauka na kubanduka, bawaba zinalia, na chini pamekaa kutu la kumeguka. Juu kimeota ukungu kwa sababu ya kivuli cha mparachichi.

Nilianza kwa maji ya sabuni na brashi, ukungu ukatoka. Kutu nimelisugua kwa msasa namba 80, nikafika kwenye chuma cheupe, nikaenda kula. Kesho yake asubuhi, kutu jepesi limesharudi! Nahisi niliacha kikiwa na unyevu.

Sasa, wazoefu: nikisugua tena, nipake praima nyekundu ya chuma siku hiyohiyo? Rangi ya mafuta inatosha juu yake, mikono miwili (yaani nikiipaka mara mbili)? Na chini kuna tundu la kupitisha kidole. Nizibe kwa puti ya magari, au nimpelekee fundi achomelee kiraka? Naona puti itabanduka mvua zikirudi, ila fundi naye ataniunguzia rangi yote.

Ile namba ya nyumba mzee aliiandika kwa mkono wake. Ningependa ibaki.