Skripti za kuzalisha msimbo wa asemba zinazokosea kimyakimya: hadi lini?

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Maktaba ya usimbaji fiche tunayoitegemea kazini, ambayo jina lake nitalihifadhi, imekuwa ikijengwa kwenye seva yetu bila mstari hata mmoja wa AVX2 (amri za prosesa zinazochakata data nyingi kwa mkupuo), ingawa prosesa zetu zote zina uwezo huo na nyaraka za mradi zinajigamba kwa kasi yake. Hakuna onyo lililotolewa.

Kwa wasioifahamu mbinu hii, mradi huo umeiga utaratibu wa OpenSSL, maktaba maarufu ya usimbaji fiche, uitwao perlasm, ambao kitafsiri chake cha x86-64 kimetokana na kazi ya Andy Polyakov. Mtu haandiki faili la asemba, yaani lugha iliyo karibu kabisa na amri za prosesa, moja kwa moja, bali anaandika skripti ya Perl, nayo inatema msimbo kwa fomati anayotaka mtumiaji: elf kwa Linux, macosx kwa Mac, nasm au masm kwa Windows. Ukiandika addl $0xff,%eax kwa mtindo wa AT&T, kitafsiri hugeuza mpangilio, huvua alama za dola na asilimia, na kumpa MASM add eax,0ffh, huku .globl ikigeuka kuwa PUBLIC. Wazo lenyewe silipingi hata kidogo, kwa sababu kutunza kwa mkono nakala tatu zinazofanana za msimbo wa SHA-512, kanuni ya kutengeneza alama ya data, ni mateso.

Kinachoniudhi ni namna skripti inavyoamua kama asemba, yaani programu inayogeuza msimbo huo kuwa amri za prosesa, inaifahamu AVX, familia ambayo AVX2 imo. Inaiita kompaila iliyotajwa kwenye kigezo cha CC, inaiagiza itaje toleo la asemba, kisha inatafuta katika jibu maneno "GNU assembler version" yakifuatwa na namba: 2.22 au zaidi, AVX2 inaruhusiwa. Asipopatikana huyo wa GNU, inawapima NASM, MASM na kompaila ya clang, na wote wakikosekana, kigezo cha $avx kinabaki sifuri, yaani AVX hairuhusiwi. Sasa, kwenye seva yetu CC haikuwa imewekwa. Mfumo ulipewa amri isiyo na jina la programu, ukalalamika kama inavyostahili, na lalamiko lenyewe likamezwa na ile 2>&1 mwishoni mwa amri, inayochanganya ujumbe wa makosa na jibu la kawaida, likachunguzwa kana kwamba ni jibu halali la asemba! Skripti ikahitimisha kwamba zana zetu ni za kizamani, ikaruka sehemu yote ya AVX2, ikamaliza kazi kwa hadhi ya mafanikio. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi mshindo huo tuliusikia kwenye malalamiko ya wateja.

Nilipowaandikia watunzaji wa mradi, nilijibiwa kwamba hayo ni matatizo ya mazingira yetu. Hivi skripti inayoshindwa kujua inazungumza na asemba gani ina haki gani ya kuendelea?

Kuna kasumba nyingine inayokwenda sambamba na hii, kwamba fomati hizi zinatofautiana kwa tahajia tu. Kwenye Linux, rejista zote za XMM (hifadhi ndogo ndani ya prosesa) ni za kuchezea ndani ya kitendakazi, lakini Windows ya biti 64 inataka XMM6 hadi XMM15 zirudishwe kama zilivyokutwa, na hakuna kitafsiri cha tahajia kitakachokukumbusha hilo; ni lazima mwandishi aweke mwenyewe sharti la $win64, kigezo kinachoashiria Windows hiyo. OpenSSL yenyewe iliumbuka Septemba 2023 kwa CVE-2023-4807 (namba ya udhaifu wa kiusalama uliosajiliwa), pale msimbo wa POLY1305, kanuni ya kuthibitisha ujumbe, kwa prosesa zenye amri za AVX512-IFMA ulipobainika kuzijaza sifuri rejista hizo kwenye Windows badala ya kuzirudishia thamani zake. Waliokuwa wakijaribu kwenye Linux pekee wasingeweza kuliona kosa hilo.

Ninachodai si kikubwa. Skripti isipoitambua asemba isimame na kutoa kosa, na anayetaka msimbo wa polepole auombe kwa jina. Faili zilizozalishwa kwa kila fomati zitolewe pamoja na toleo, ili mtu aweze kuzilinganisha na alizozalisha mwenyewe. Na majaribio yafanyike kwenye Windows halisi, kwa prosesa mpya.

Wenzangu mnaotumia maktaba za namna hii, pitisheni objdump -d, zana inayoonyesha amri zilizomo, kwenye faili la mwisho na mtafute rejista za ymm, ambazo AVX2 huzitumia. Mkikuta hamna hata moja, tafadhali andikeni hapa aina ya asemba mnayotumia na toleo lake.