Naomba ushauri: alamu za vCenter zinaninyima usingizi

Wakuu habari za baridi, niko Mbeya nasimamia seva za ofisi kwa vCenter (programu ya VMware ya kusimamia seva pepe, yaani vm). Kila saa nane usiku bekapu ikianza simu inalia mfululizo, alamu ya CPU za vm inawaka nyekundu maana imesetiwa 90% kwa dakika 5, natoka kwenye blanketi (Uyole mnaijua, jokofu kabisa) nakuta hamna shida yoyote.

Nataka iwe 95 kwa dakika 15 kwa skripti ya PowerCLI (zana ya kuiamuru vCenter kwa maandishi), ila kwenye toleo langu la zamani amri ya Set-AlarmDefinition haigusi kiwango cha alamu. Nikaenda na ReconfigureAlarm (njia nyingine ya kubadili alamu kwa skripti) nikaandika 95, weee vm zote nyekundu, kumbe inataka 9500, inahesabu kwa sehemu za mia za asilimia! Nimerekebisha, sasa imeili hazitumwi kabisa, nahisi nimefuta ile sehemu ya action (inayosema alamu ikiwaka ifanye nini). Nairudishaje jamani?