Nisome karatasi ya wasifu, au nimseme nilivyomjua?

Mgumu Mstaafu, Marangu

Shimboni wote. Kuna jambo linaninyima usingizi na siku zimebaki tisa.

Rafiki yangu tulimzika mwezi uliopita kihambani kwao, hatua kama mia mbili kutoka kwangu. Darasa la kwanza tulianza pamoja mwaka 1968, mlima tukaanza pamoja 1983 tukiwa wagumu, yaani wabeba mizigo ya wageni, na magoti yakatustaafisha mwaka mmoja.

Mlimani walituita Kibo na Mawenzi, kama vilele viwili vya Kilimanjaro. Mimi Kibo, kwa sababu ya upara ulionianza mapema. Yeye Mawenzi, kwanza kwa meno, maana kila moja lilisimama kivyake, halafu kwa ile hadithi ya wazee: Mawenzi alikuwa haishi kwenda kwa jirani yake Kibo kuomba moto, kila siku wake umezimika, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kichwa chake kimechanikachanika hadi leo. Na rafiki yangu alikuwa mtu wa kuomba hasa. Kiberiti, chumvi, kamba, sindano ya kushonea begi. Sigara sijapata kumwona akinunua. Nilimwambia mara nyingi kwamba mchi uko tayari, ni yeye tu asogee.

Sasa binti yake mkubwa, yule anayefanya kazi Dar, ameniletea karatasi iliyochapwa. Siku ya ibada ya shukrani, tukiweka msalaba, niisome mimi. "Baba mdogo, ni dakika tano tu." Karatasi ni safi, haina kosa hata moja la herufi. Inasema marehemu "alilitumikia taifa katika sekta ya utalii", kwamba alikuwa mkarimu, mpole na mpenda watu. Nimeipitia mara nne nikimtafuta mle ndani, simwoni. Mpole? Huyu aliwahi kununiana na jogoo wiki nzima.

Ninachotaka kusema mimi ni siku moja ya mwaka 1986, tukitoka kituo cha Horombo kwenda kibanda cha Kibo. Waliopanda njia ya Marangu wanajua: kibandani Kibo hakuna maji. Unachota pale pa maji ya mwisho, ndipo unaingia lile jangwa la katikati ya vilele viwili, na upepo wake. Mizani ya getini na kikomo chake cha kilo 20 kwa mbebaji sisi hatukuijua, ulibeba ulichobebeshwa. Nilikuwa na mzigo wa mgeni kichwani na dumu la maji mkononi. Kichwa kikaanza kugonga, nikatapika, nikakaa kwenye jiwe, nikamwambia atangulie. (Leo kiongozi angenishusha palepale, na ndivyo inavyopasa. Sisi tulidhani ni njaa, kumbe ni ugonjwa wa mwinuko.)

Hakunipa maneno matamu. Alisema, "Ukifa hapa, kiberiti nitaomba kwa nani?" Akabeba dumu langu juu ya mzigo wake, akaenda nalo hadi kibandani, akarudi, akajitwika mzigo wangu, akanishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule. Kipande kile mimi nilikipita mara moja, yeye mara tatu. Jioni akanidai sigara tatu. Nilimpa mbili. Ile ya tatu amenikumbusha miaka yote, na mara ya mwisho alikuwa kitandani, sauti imebaki nusu.

Basi naomba ushauri wenu. Ni adabu kweli kusimama mbele ya mchungaji na wajukuu, niseme marehemu alikuwa mwombaji wa viberiti? Au nisome karatasi ya mtoto nikae chini?

Mama Machame

Pole sana, shemeji. Mimi ni mjane mwaka wa sita sasa. Siku ya mume wangu walisoma karatasi ya namna hiyo, nikawa najiuliza tunamzika nani. Shule alizosoma, vyeo vya kamati, nafasi alizoshika kwenye ushirika wa kahawa. Nililia, lakini nililia kwa mazoea. Baadaye akasimama fundi cherehani mmoja, hata kwenye ratiba hakuwemo, akasema marehemu alikuwa akipeleka suruali ileile kupunguzwa kila Desemba na kuongezwa kila Januari, baada ya nyama za Krismasi. Hapo ndipo nilipomwona mume wangu. Nilicheka hadi dada zake wakanikazia macho.

Ila usiende na lako kichwani peke yako. Mjane wake, mkeo wa utani, yupo hai. Nenda ukamuulize kabla ya siku, umwambie neno kwa neno utakalosema. Akikunja uso, acha.

Kijana wa Kiboriloni

Shikamoo mzee. Mimi nitakwenda kinyume na mama hapo juu, mnisamehe. Soma karatasi. Yule dada amekaa usiku akiandika, ni baba yake, na siku ile kutakuwa na wakwe, mabosi wake na watu wanaorekodi kwa simu. Kipande cha "mwombaji wa viberiti" kitazunguka kwenye makundi kabla hamjafika kwenye chakula, na atakayekiona kimekatwa hivyo hatajua habari za sigara ya tatu. Hadithi yako ni nzuri mno, ndiyo maana nasema ingoje mbege. Watu wakishakaa mgombani na kata inazunguka, hapo hata binti mwenyewe atakuomba uirudie.

Tulipomzika babu yangu nilijaribu kuchekesha kanisani. Nilinyamaziwa na watu mia mbili.

Dumu Mbili

Aikambe kwa kumkumbuka huyu mzee. Sitamtaja jina, lakini kwa yale meno najua ni nani, maana nilipanda naye safari yangu ya kwanza mwaka 1994 nikiwa mtoto wa juzi. Glovu sikuwa nazo. Horombo asubuhi barafu imelala kwenye majani, vidole sivisikii. Akavua glovu, akanipa. Moja. Akasema nyingine ni yake, mkono mwingine niutie mfukoni na nibadilishe kila tukifika kwenye jiwe kubwa. Tukaenda hivyo hadi Kibo, watu wawili jozi moja. Kurudi getini akaidai, na akaikagua kama nimeitoboa.

Mzee, nakuomba, hilo neno "mkarimu" usilifute. Ukifika hapo, simama kidogo, useme glovu moja.

Mgumu Mstaafu, Marangu

Marahaba kijana, na asanteni wote. Jana nilikwenda kwa shemeji yangu. Nilimkuta anamenya ndizi za mtori, nikakaa kwenye kigoda chake yeye marehemu, nikamsimulia yote, na ya glovu pia, ambayo sikuijua. Aliacha kisu. Akasema glovu hizo alizifuma yeye, na siku zote alikuwa akishangaa kwa nini moja inachakaa kuliko nyingine.

Binti tulimpigia simu pale pale. Alikuwa mgumu mwanzoni (kijana wa Kiboriloni, ulimwelewa), ila mama yake alimwambia kitu kwa Kichaga ambacho sitakiandika hapa. Karatasi nitaisoma yote, neno kwa neno. Nikifika "mkarimu" nitaikunja, niseme ya dumu na ya glovu, nikunjue nimalizie. Viberiti nitavitaja mara moja. Nimenunua na sigara moja ya kuweka pale msalabani, mchungaji akigeuka upande.

Shemeji ana sharti moja tu: lile la mbuzi nisiliguse. Dumu Mbili, kama unalijua, na wewe nyamaza.